Masomo Yaliyopotea, na Jinsi Yanavyotafutwa

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kukaa, na mwalimu wa kikundi ameandika kichwa cha somo ubaoni. Ninyi mnaofuata kwa karatasi hii iliyopigwa chapa, someni polepole. Mkifika penye hesabu, simameni kwanza, muifanye katika daftari, ndipo muendelee.

Leo tutazungumza juu ya masomo yaliyopotea. Mnakumbuka mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea duniani, shule zilifungwa karibu katika kila nchi. Kwetu Tanzania zilifungwa tarehe 17 Machi, na tarehe 29 Juni zikafunguliwa zote. Kenya watoto walikaa nyumbani tangu Machi. Madarasa machache yaliitwa Oktoba, na wengine wakangoja mpaka Januari 2021. Uganda ndiko kulikokuwa kuzito zaidi. Wako watoto huko waliotoka shuleni Machi 2020 wakarudi Januari 2022.

Mtoto aliyetoka darasa la kwanza, akarudi baada ya muda kama huo, je, ni mtoto wa darasa la ngapi? Kwa umri ni wa darasa la tatu. Kwa kusoma ni wa darasa la kwanza, tena huenda amesahau hata lile dogo alilokuwa nalo. Hilo ndilo jambo tutakalolitazama. Shule imefunguliwa, kengele imelia, mtoto yumo darasani, lakini masomo hayamo kichwani. Yatarudishwaje?

Ili kujibu swali hilo nitawapeleka mbali, mpaka Marekani. Pengine mzee mmoja hapo nyuma ananung'unika, “Marekani yatuhusu nini sisi?” Yatuhusu, mzee wangu, kwa sababu mbili. Huko fedha nyingi mno zilitolewa kwa kazi hii, na huko karibu kila jambo lilipimwa na kuandikwa. Kwa hiyo twaweza kuona ni lipi lililofaa na lipi halikufaa, bila ya kubahatisha. Jirani akijaribu mbegu tano katika shamba lake, si vibaya kupita ukatazama ni ipi iliyoota kabla hujanunua ya kwako.

Kwanza yafaa mfahamu jinsi shule zao zinavyotawalwa. Sisi tukisikia neno wilaya tunafikiri eneo la serikali lenye Mkuu wa Wilaya. Marekani kuna kitu kingine kiitwacho wilaya ya shule. Kazi yake ni elimu tu. Ina baraza lake, ambalo mahali pengi huchaguliwa kwa kura na wenyeji. Baraza hilo humwajiri mkuu wa elimu, na sehemu ya fedha zake hutoka katika kodi ya nyumba na ardhi za watu wa hapo hapo. Wilaya hizo ni kama 13,000. Mji mzima wa New York ni wilaya moja, na mahali pengine wilaya ni kijiji chenye shule moja. Hakuna mkubwa mmoja, hata Rais wa nchi, awezaye kuziamuru zote zifungue siku gani.

Ndiyo sababu mambo yalikwenda mbalimbali. Machi 2020 karibu zote zilifunga. Lakini mwaka mpya wa masomo ulipoanza, Agosti na Septemba 2020, wilaya nyingine ziliwaita watoto darasani, na nyingine ziliwaacha nyumbani kwa miezi mingi zaidi.

Waliobaki nyumbani walifundishwa kwa kompyuta. Mwalimu alikaa kwake na mtoto kwake, wakaonana kwenye kioo kwa njia ya intaneti. Msidhani kwamba Marekani kila nyumba ina chombo hicho. Mwaka 2020 ilienea picha kutoka Salinas, California, ya watoto wawili wameketi chini, nje ya mkahawa, kompyuta mbele yao, kwa sababu waliifuata intaneti ya mkahawa. Huko Austin, Texas, wilaya ilitia mitambo ya intaneti ndani ya mabasi ya shule, ikayaegesha mitaani ili watoto wa jirani waipate. Na hata mwenye chombo kizuri, ni nani wa kumwona amesinzia? Mara nyingi mwalimu aliona majina kwenye kioo, nyuso hakuziona. Ninyi mwalijua jambo hilo. Mimi hapa redioni siwezi kuona ni nani ameshika karatasi juu chini. Ndiyo maana kikundi chenu kimepewa mwalimu wa kukaa nanyi.

Shule zilipofunguliwa, kazi ya kwanza ilikuwa kupima. Mkulima aliyeona panya ghalani hasemi tu, “Wamekula sana.” Huliweka gunia kwenye mizani.

Marekani wana mtihani wa taifa uitwao NAEP. Haumpasishi mtoto wala haumfelishi; kazi yake ni kuipima nchi. Mwaka 2022 mtihani huo ulionyesha kwamba alama za hesabu za darasa la nne zilikuwa zimeshuka kwa 5 tangu mwaka 2019, na za darasa la nane kwa 8. Kusoma kulishuka kwa alama 3 katika madarasa yote mawili. Upo na mtihani mwingine wa watoto wa miaka 9, ulioanza miaka ya 1970. Mwaka 2022 alama za hesabu katika mtihani huo zilishuka kwa 7, na kushuka namna hiyo hakukuwa kumetokea tangu uanze.

Alama 7 au 8 ni lugha ya wenye mitihani. Hebu tuigeuze iwe siku. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzao walilinganisha shule nyingi. Waliona kwamba palipokuwa na watoto wengi wa maskini, na shule ikakaa kwenye kompyuta zaidi ya nusu ya mwaka, hasara ya hesabu ilikuwa kama nusu ya mwaka wa masomo. Mwaka wao una siku 180 hivi. Andikeni: 180 gawanya kwa 2. Jibu ni 90. Siku tisini za hesabu hazimo! Palipokuwa na watu wenye nafasi, na shule zikafungwa muda ule ule, hasara ilikuwa ndogo zaidi. Kioo kilikuwa kile kile, nyumba ndizo zilizokuwa mbalimbali.

Sasa tuje kwenye fedha. Serikali ya Marekani ilitoa fedha za shule mara tatu: Machi 2020, Desemba 2020 na Machi 2021. Jumla yake ilikuwa kama dola bilioni 190. Bilioni moja ni milioni elfu moja. Wanafunzi wa shule za umma ni kama milioni 50. Hesabu yenu ni hii: milioni 190,000 gawanya kwa milioni 50. Msiogope sufuri nyingi. Kama milioni ziko pande zote mbili, ziacheni, mgawanye 190,000 kwa 50. Mtapata 3,800. Basi ni kama mtoto mmoja angepewa dola 3,800. Lakini hazikugawanywa sawasawa. Wilaya zenye maskini wengi zilipewa zaidi. Detroit, mathalani, peke yake ilipata zaidi ya dola bilioni moja.

Sheria ya Machi 2021 iliziambia wilaya: katika fedha hizi za mara ya tatu, angalau sehemu moja katika kila tano itumike kwa masomo yaliyopotea. Sehemu nne zilizobaki zilikuwa na uhuru mkubwa. Basi wilaya nyingine zilitengeneza mapaa na mitambo ya hewa, nyingine ziliajiri wauguzi na walimu, nyingine zikanunua kompyuta. Sisemi kwamba ni vibaya kutengeneza paa. Mtoto hasomi akinyeshewa. Lakini paa halimfundishi mtu kugawanya.

Wataalamu walipozipima fedha hizo mwaka 2024, waliona kwamba kwa kila dola elfu moja za mtoto mmoja, masomo ya hesabu yalipanda kwa asilimia 3 hivi ya mwaka mmoja. Tafuteni asilimia 3 ya siku 180. Mara ya kwanza 180 mara 3, ni 540; kisha gawanya kwa 100. Siku tano na kidogo. Dola elfu moja, siku tano! Msicheke, maana wastani huficha mengi. Ndani ya wastani huo zimo fedha zilizozaa siku nyingi, na nyingine zilizozaa sufuri. Tutafute zile zilizozaa.

Njia iliyosifiwa kuliko zote ni kumkalisha mtoto karibu na mtu wa kumfundisha. Sisi tuna neno tuisheni, nalo kwetu lina sura yake: mzazi hulipa, mtoto huenda jioni akiwa amechoka, na mara nyingi hukuta chumba kimejaa kama darasa alilotoka. Hiyo siyo ninayoisema. Tuisheni waliyoijaribu huko ilikuwa bure, ndani ya saa za shule, imeandikwa kwenye ratiba kama somo lolote jingine. Kikundi hakizidi watoto watatu au wanne. Mwalimu ni yule yule wiki baada ya wiki, ili amjue mtoto na mtoto amjue yeye. Nayo hufanywa angalau mara tatu kwa wiki, dakika thelathini au zaidi kila mara.

Hebu tupige hesabu ya muda. Dakika 30 mara 3 ni dakika 90 kwa wiki. Tukichukua wiki 30 za masomo, 90 mara 30 ni 2,700. Gawanyeni kwa 60 mpate saa. Ni saa 45. Saa arobaini na tano za mtoto kuulizwa, kujibu, kukosea na kusahihishwa papo hapo. Katika darasa la watoto sitini huenda mtoto asiulizwe swali hata mara moja kwa wiki.

Huko Chicago, kabla ya Korona kuingia, Chuo Kikuu cha Chicago kilichunguza tuisheni ya hesabu katika shule za sekondari. Watoto wawili, mwalimu mmoja, kila siku ya shule. Hao walimu wengi walikuwa vijana waliotoka chuo, hawakusomea ualimu, na walilipwa fedha ya kujikimu tu. Wanafunzi walioingia walichaguliwa kwa bahati nasibu, ili pasiwe na hila ya kuchukua wenye akili peke yao. Walijifunza hesabu zaidi ya wenzao, na tofauti ilikuwa kubwa, ya kuonekana wazi. Kwa hiyo fedha za Korona zilipotoka, wilaya nyingi zilisema, “Nasi tufanye kama Chicago.”

Hapo ndipo ugumu ulipotokea. Nashville, katika jimbo la Tennessee, walianzisha tuisheni ya namna hiyo kwa maelfu ya watoto. Wachunguzi walipoipima, kusoma kulikuwa kumepanda kidogo, na katika hesabu hawakuona faida. Kumbe kuwahudumia watoto mia ni kazi moja, na maelfu ni kazi nyingine. Lazima upate watu, vyumba, na nafasi katika ratiba ambayo tayari imejaa. Tena ukimtoa mtoto darasani aende tuisheni, kuna somo analolikosa wakati huo. Mimi nawaheshimu watu wa Nashville kwa kuwa walikubali kupimwa na majibu yakatangazwa. Mahali pengi mradi huanza kwa ngoma, na ukifa haupigiwi hata filimbi.

Kulikuwa na njia nyepesi zaidi, nayo iliwavutia wakubwa wengi. Wilaya hununua huduma ya kampuni, na mtoto akipata shida katika hesabu, saa yoyote, usiku au mchana, hufungua kompyuta akamwita mwalimu aliye mbali. Kwenye karatasi ni jambo zuri sana: kila mtoto ana mwalimu saa 24. Katika shule za Aspire huko California wachunguzi waliangalia ni wangapi walioitumia huduma ya namna hiyo. Katika kila wanafunzi 100, ni 19 tu waliowahi kuifungua. Na waliokuwa nyuma katika masomo waliifungua kwa uchache kuliko wenzao.

Kwa nini? Ninyi mwaweza kujibu kuliko mimi. Mtu asiyejua kusoma hapendi kusimama akasema, “Sijui, nisaidieni.” Ni wangapi kati yenu mliopita nje ya darasa hili mara tatu kabla ya kuingia? Mtoto ni hivyo hivyo. Anayejua kidogo hujua la kuuliza, na asiyejua kabisa hana hata swali. Msaada wa namna hiyo yapasa umfuate alipo. Ukimngojea aje, hutamwona.

Wilaya nyingine zilitumia likizo ndefu ya kiangazi, zikafungua shule kwa wiki chache. Tennessee walitunga sheria Januari 2021 ya kambi za masomo wakati wa likizo. Wachunguzi walioangalia wilaya nane katika likizo ya mwaka 2022 waliona kwamba hesabu ilipanda kidogo na kusoma hakukupanda. Sababu kubwa ni kwamba wiki zilikuwa chache na waliohudhuria walikuwa wachache. Nani anataka kwenda shule wakati wenzake wanacheza?

Huko Birmingham, mji wa jimbo la Alabama, walifanya kwa namna nyingine. Katika likizo fupi za katikati ya mwaka walifungua shule kwa siku kadhaa za masomo ya ziada, bure. Mtoto hukutana na masomo angali anayakumbuka, kisha hurudi darasani mara moja. Watoto wa mji ule, ambao wengi ni wa maskini, walipanda katika hesabu kuliko wengi waliotazamiwa.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye swali ambalo kila mwalimu huulizwa. Mtoto yumo darasa la tano na hajui kugawanya. Mwalimu afanye nini? Wako wanaosema: mrudishe kwenye masomo ya darasa la nne mpaka ayajue. Ni maneno ya busara, lakini yana mtego. Akimaliza ya darasa la nne wenzake wameingia la sita, naye atakuwa akiwakimbiza mgongoni maisha yake yote. Wengine wanasema: mfundishe ya darasa la tano pamoja na wenzake, na mkifika penye sehemu, kama nusu na robo, msimame siku mbili mfundishane kugawanya, kwa kuwa sehemu zinakuhitaji kugawanya. Yaani pengo lizibwe pale njia inapopita, msizibe mashimo yote ya nchi kabla ya kuanza safari. Wilaya nyingi za Marekani zilihimizwa kufuata njia hii ya pili.

Mimi kwa maoni yangu naikubali katika hesabu, maana hesabu ina vipande vinavyoweza kuokotwa. Katika kusoma siikubali sana. Asiyeijua herufi hawezi kufundishwa habari ya jiografia eti herufi ataziokota njiani. Huyo lazima aketishwe na mtu, aanze a, e, i, o, u, hata kama ana ndevu. Jimbo la Louisiana lilifanya hivyo kwa upande wa walimu. Sheria ya mwaka 2021 iliwataka walimu wote wa madarasa ya chini wasome upya jinsi ya kufundisha kusoma, sauti kwa sauti na herufi kwa herufi. Na mwaka 2024 Louisiana ndiyo iliyokuwa jimbo pekee ambalo watoto wake wa darasa la nne walisoma vizuri kuliko wale wa mwaka 2019. Kwa hesabu za darasa la nne, jimbo lililofanya hivyo lilikuwa moja tu pia, Alabama. Huko sheria ya mwaka 2022 iliagiza kila shule ya msingi iwe na mtaalamu wa hesabu, ambaye kazi yake ni kukaa na walimu wenziwe na kuwasaidia kufundisha. Yeye hafundishi darasa lake, hutembea kutoka darasa hadi darasa. Majimbo hayo mawili si ya matajiri. Kwa miaka mingi yalihesabiwa katika yale ya nyuma.

Lakini hata mwalimu bora hawezi kumfundisha mtoto asiyekuwapo. Tatizo hili liliwashangaza wengi. Shule zilipofunguliwa, watoto hawakurudi kama zamani. Walikuwa wameandikishwa, lakini leo wapo, kesho hawapo. Marekani wanasema mtoto ni mtoro wa kudumu akikosa siku moja katika kila kumi, kwa sababu yoyote, hata ugonjwa. Katika siku 180 ni siku ngapi? Ndiyo, 18. Kabla ya Korona watoto wa namna hiyo walikuwa kama 15 katika kila 100. Katika mwaka wa masomo ulioishia 2022 walikuwa kama 28. Hata mwaka 2024 walikuwa bado zaidi ya 20.

Jimbo la Connecticut lilianza mwaka 2021 kuwapeleka watu nyumbani kwa watoto hao. Sikilizeni walivyofanya, maana ni jambo ambalo hata kijiji kisicho na dola moja kinaliweza. Mgeni hakwenda kwa ghafla kama askari. Alipatana na mzazi siku na saa. Hakuja na karatasi ya onyo. Aliuliza: mtoto wenu anapenda nini? Mnataka awe nani? Kuna jambo gani linalomzuia? Hapo yalitoka mambo ambayo orodha ya mahudhurio haisemi. Mmoja hana usafiri, mwingine anamlea mdogo wake mama akiwa kazini, mwingine aliaibishwa darasani kwa kushindwa kusoma na hataki kurudi. Baada ya mgeni wa kwanza mahudhurio yalianza kupanda mwezi ule ule, na baada ya miezi sita yalikuwa yamepanda zaidi. Mahali pengi kwetu bado twaanza na barua ya onyo kwa mzazi, wakati mwingine mzazi asiyeweza kuisoma barua yenyewe.

Fedha za Korona zilikuwa na mwisho. Tarehe 30 Septemba 2024 ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya wilaya kuamua matumizi ya fungu la tatu. Wilaya nyingi zikapunguza walimu wa tuisheni zilioajiri. Na mtihani wa taifa wa mwaka 2024 ulisemaje? Hesabu za darasa la nne zilipanda alama 2. Hesabu za darasa la nane zilibaki pale pale. Kusoma kulishuka alama 2 nyingine, katika madarasa yote mawili. Yaani gunia lilikuwa bado halijajaa, na katika kusoma lilikuwa likizidi kupungua.

Wako wanaosema kwamba kusoma kulikuwa kumeanza kushuka hata kabla ya Korona, na ni kweli. Alama za 2019 zilikuwa chini ya zile za 2017. Basi ugonjwa ulipasua mahali palipokuwa na ufa. Lakini mtoto haishi katika wastani wa nchi. Mtoto wa Marekani aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2019, alikuwa akijifunza kuunganisha herufi shule zilipofungwa. Akisoma bila kukwama atamaliza sekondari mwaka 2031. Asipofunzwa kusoma kabla ya hapo, atatafuta darasa kama lenu akiwa mtu mzima, mchana akifanya kazi na jioni akitafuta mahali pa kukaa karibu na taa.

Sasa kazi ya kikundi. Mwalimu wa kikundi, tafadhali soma maswali haya kwa sauti mara mbili.

La kwanza. Katika nyumba yako kuna mtoto aliye darasa la tatu au zaidi? Usiku wa leo mpe karatasi hii, akusomee aya moja, yoyote. Usimkemee. Hesabu maneno aliyokwama, uandike idadi katika daftari lako, uje nayo.

La pili. Shule ya kijiji ina watoto 36 wa darasa la nne wasiojua kusoma vizuri. Tukiwaweka wannewanne, ni vikundi vingapi? Kila kikundi kikisoma dakika 30, mara 3 kwa wiki, vinahitaji saa ngapi kwa jumla kila wiki? Msitazame jibu la jirani.

La tatu ni la kuzungumza. Katika kijiji chenu ni nani anayejua kusoma vizuri na ana nafasi asubuhi? Vijana waliomaliza kidato cha nne na wanangoja majibu? Mwalimu mstaafu? Mmoja wenu mliokwisha kufuzu hatua ya pili? Andikeni majina. Kisha mkubaliane ni nani atakwenda kumwona mwalimu mkuu, na siku gani, na mtamwomba nafasi gani katika ratiba.

Mwalimu wa kikundi aandike majibu kwa kifupi, ayatume kwetu kabla ya Ijumaa kama kawaida. Vikundi viwili bado havijaleta majibu ya somo lililopita juu ya kuweka maji safi, tafadhalini. Wiki ijayo, saa hii hii, tutaanza na jibu la swali la pili, kisha tutasoma jinsi ya kuandika barua ya maombi kwa kamati ya shule. Kwaherini kwa sasa.